Je, Wajua Kwa Nini Sukari Hugoma Kushuka Siku ya Hofu?

Mwanafunzi mwenye kisukari cha aina ya kwanza anatoka Likoni kwenda kufanya mtihani kisiwani Mombasa. Amekunywa chai kwa mahamri mawili, amedunga insulini yake kwa kipimo kilekile cha kila siku, na kwa kawaida kiamsha kinywa hicho humrudisha kwenye 7 (milimoli za sukari kwa lita moja ya damu) kabla ya adhuhuri. Leo foleni ya feri imesimama, watu wamebanana na saa inakwenda. Anapopima wakati wa mapumziko, saa nne na nusu, kipimo kinasoma 13.2. Hakula zaidi wala hakukosea dozi. Je, sukari hiyo imetoka wapi, na je, yoga na mazoezi ya kutuliza akili, ambayo siku hizi husifiwa sana, yangeweza kuizuia?

Jibu la swali la kwanza linaanzia kwenye ini, ambalo huweka akiba ya sukari kwa umbo la glikojeni. Mwili unapohisi hatari, tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini na kortisoli, na homoni hizo huliamuru ini kutoa akiba yake huku zikiifanya insulini iliyomo mwilini isifanye kazi kwa wepesi wake wa kawaida. Mtu asiye na kisukari hatambui lolote, kwa kuwa kongosho lake huongeza insulini mara moja na mambo yakawa sawa. Katika kisukari cha aina ya kwanza, kinga ya mwili yenyewe imekwisha kuziharibu seli za beta zinazotengeneza insulini, kwa hiyo iliyopo ni ile tu iliyoingia kwa sindano au pampu, nayo haiongezeki kwa sababu mwenyewe ameingiwa na hofu.

Hata hivyo, hofu haipandishi sukari ya kila mtu kila wakati. Utafiti uliofanyika Uswisi na kuchapishwa mwaka 2005 uliwatia wagonjwa wa aina ya kwanza katika msukosuko wa makusudi, na ukaonyesha kwamba sukari ya waliokuwa hawajala ilibaki ilivyokuwa, ilhali ya waliokuwa wamekula ilichelewa kushuka. Ndiyo maana mahamri ya saa moja asubuhi yana nafasi yake katika kisa cha mwanafunzi wetu: hofu ilikikuta chakula kingali njiani.

Sasa tuje kwenye pumzi. Mtu anapopumua polepole, takriban mara sita kwa dakika, na kuifanya pumzi ya kutoka iwe ndefu kuliko ya kuingia, neva ya vagasi, itokayo kwenye ubongo hadi moyoni, huupunguzia moyo kasi na mwili huanza kulegea. Hili hupimika, wala halihitaji imani yoyote. Kupunguza mapigo ya moyo, hata hivyo, si sawa na kupunguza sukari. Nchini Uholanzi, watafiti waliwafuatilia wagonjwa 139 wa kisukari, wa aina ya kwanza na ya pili, waliokuwa wakisumbuliwa kihisia. Mwaka 2013 walieleza kwamba mafunzo ya utulivu wa akili yalipunguza msongo, wasiwasi na huzuni, lakini hayakubadilisha HbA1c, yaani kile kipimo kinachoonyesha wastani wa sukari wa takriban miezi mitatu. Kuhusu yoga, ushahidi mwingi wa kushusha sukari unatoka kwa watu wa aina ya pili, ambao kongosho zao kwa kawaida bado hutoa insulini. Anayeuchukua ushahidi huo na kumuuzia mgonjwa wa aina ya kwanza anafanya jambo la hatari. Mpaka Januari 1922, mvulana wa miaka 14 aitwaye Leonard Thompson alipodungwa insulini mjini Toronto, ugonjwa huu ulikuwa hukumu ya kifo, na hata leo mtu akiacha insulini kwa kutegemea mikao na pumzi, ketoni, yaani asidi ambazo mwili hutoa unapochoma mafuta kwa kukosa insulini, zinaweza kujaa katika damu na kumfikisha hospitalini kabla ya siku mbili kwisha.

Basi faida iko wapi? Kwa maoni yangu, iko zaidi mkononi kuliko ndani ya damu. Turudi kwa mwanafunzi aliyeona 13.2. Anakasirika na kudunga dozi ya kurekebisha, jambo ambalo si kosa. Robo saa baadaye anapima tena, anaona 12.8, anahisi insulini haifanyi kazi, na kabla ya kurudi darasani anadunga nyingine. Insulini ya haraka hufanya kazi kwa muda wa saa tatu hadi tano, na nguvu yake kubwa huja baada ya saa moja au mbili, hivyo kwa robo saa ilikuwa hata haijaanza sawasawa. Ikifika saa saba mchana mtihani umekwisha, hofu imeondoka, ini limeacha kumwaga sukari, na dozi mbili zinavuta kwa pamoja. Anashuka hadi 2.9 akiwa amesimama kwenye foleni ya feri ya kurudi nyumbani. Pumzi kumi za polepole baada ya ile 12.8 zisingeishusha sukari yake, ila huenda zingempa nafasi ya kukumbuka alidunga saa ngapi.

Kwa wanaoishi na ugonjwa huu, hasira ya namna hiyo si jambo la siku moja. Kupima, kuhesabu wanga, kudunga, na kueleza kila mara kwa nini hunywi soda harusini au kwa nini unakula ghafla katikati ya mazungumzo, humchosha mtu mpaka akafikia kutotaka hata kukitazama kipimo. Mazoezi ya utulivu hufundisha kuiona namba kama habari ya wakati huo, si alama ya ufaulu. Hapo ndipo yanapomfaa mgonjwa wa aina ya kwanza kuliko mahali pengine popote.

Kuna mtego mmoja, na kwa mtu wa Pwani ni mkubwa zaidi. Sukari ikishuka sana, mwili humwaga adrenalini ileile ya hofu, hivyo mtu hutetemeka, hutoka jasho na moyo humwenda mbio. Wakati wa kaskazi, joto linapozidi nyuzi 30 na kila abiria wa matatu amelowa, jasho haliwezi kuaminika kuwa dalili. Anayehisi hivyo asifumbe macho kuanza kuvuta pumzi, apime kwanza. Ikiwa ni chini ya 4, ale sukari inayoingia haraka, kiasi cha gramu 15, kama vile nusu glasi ya soda ya kawaida au vijiko vitatu vya chai vya sukari vilivyokorogwa kwenye maji. Viazi karai havifai hapo, kwa sababu mafuta huichelewesha sukari. Kisha asubiri dakika 15 na kupima tena. Dakika hizo ni ndefu mno, na wengi humaliza sufuria nzima ya wali kwa woga, halafu wakapanda hadi 18. Pumzi za polepole zina kazi yake hapa, mtu akiwa ameketi na sukari ikiwa imekwisha kumezwa.

Yoga ya mikao ni mazoezi ya mwili, na ihesabiwe hivyo. Ile ya taratibu huigusa sukari kidogo, ile ya haraka inayotoa jasho yaweza kuishusha, na jitihada kali za ghafla huweza hata kuipandisha. Mwongozo wa wataalamu wa mwaka 2017 ulipendekeza kuanza mazoezi ya kukimbiza moyo sukari ikiwa kati ya 7 na 10. Ikiwa juu sana na ketoni zipo, mazoezi yaahirishwe. Alfajiri kabla ya kula huwa salama zaidi kuliko jioni, kwani insulini ya chakula bado haijadungwa. Paja litakalofanya kazi lisidungwe muda mfupi kabla, maana misuli ikipata joto insulini hufyonzwa haraka. Mwenye madhara makubwa ya retina, ile ngozi laini ya nyuma ya jicho, asigeuze kichwa chini, na aliyekufa ganzi miguuni asisimame peku kwenye mchanga wenye vigae vya chupa. Asiyependa nyimbo za Kihindu kwa sababu ya dini yake anaweza kuziacha. Kunyoosha viungo na kupumua hakuzihitaji.

Mwalimu wa yoga aambiwe mapema kwamba kimya kirefu cha mwanafunzi huyu mwishoni mwa kipindi, wakati wote wamelala chali, kinaweza kuwa usingizi au kinaweza kuwa sukari iliyoshuka, na aonyeshwe soda imewekwa wapi. Insulini nayo ikae kivulini ndani ya mfuko wa baridi, si juu ya mkeka ulioanikwa juani.