Maumivu ya kifua na kipimo cha troponini: maswali ninayoulizwa kila wiki pale dirishani maabara

Nafanya kazi maabara ya hospitali ya mkoa, zamu za usiku nyingi, na dirisha letu la kupokelea sampuli linatazamana na mlango wa emajensi, kwahiyo watu nawaona wakiingia na baada ya dakika kadhaa naiona na damu yao. Maswali ni yaleyale. Nimeyaweka hapa niyajibu kwa mkupuo, na kuna jibu moja nitalirudia mpaka mnichoke, maana naona bado halijaingia vichwani.

Swali: Shambulio la moyo ni nini hasa?

Moyo nao unakula. Una mishipa yake midogo inayouzunguka na kuuletea damu. Mshipa mmoja ukiziba, mara nyingi ni damu iliyoganda juu ya mafuta yaliyojijenga humo kwa miaka, ile sehemu ya msuli iliyokuwa inategemea mshipa huo inakosa oksijeni na inaanza kufa. Siyo presha kupanda, siyo moyo kusimama (ingawa unaweza ukasimama kwa sababu hiyo), na siyo kutupiwa kitu na jirani.

Swali: Sasa damu ya mkononi inajuaje kilichotokea kwenye moyo?

Ndani ya seli za msuli wa moyo kuna protini inaitwa troponini, ndo inayosaidia msuli kujikunja na kuachia. Seli ikiwa nzima troponini inatulia humohumo. Seli ikifa inavuja inaingia kwenye damu, na mimi naikuta kwenye kichupa. Zamani walihangaika sana, mwaka 1954 walianza na kimeng'enya kinachoitwa AST, ambayo leo tunaipima zaidi kwa watu wa ini, halafu ikaja CK-MB, kimeng'enya cha misuli, ambayo sehemu nyingine bado ipo, ila inapatikana kidogo na kwenye misuli mingine, kwahiyo mtu aliyebeba zege kutwa nzima anaweza kukuchanganya. Troponini I na T za moyo zinatoka kwenye moyo, ndo maana tunaziamini zaidi.

Swali: Mwezi uliopita nilipima damu yote nikaambiwa niko safi, bado niwe na wasiwasi?

Hakuna kitu kinaitwa damu yote. Ulichopima ni FBP, inahesabu chembechembe za damu, pengine na malaria, typhoid na UTI maana hizo huwa zinakuja kama kifurushi. Hakuna hata kimoja hapo kinachogusa moyo. Kolesteroli nayo inakwambia hatari yako ya miaka ijayo, haikwambii kinachoendelea kifuani usiku huu. Na hata kama ungepima troponini mwezi uliopita, hayo ni majibu ya mwezi uliopita.

Swali: Nikisikia kifua kinabana, si nipite kwanza maabara ya mtaani nipime troponini, ikiwa juu ndo niende hospitali?

Hapana. Hapana kabisa, na hili ndo lile nililosema nitalirudia. Kifua kinabana kama umewekewa tofali, zaidi ya dakika chache, maumivu yanapanda shingoni, kwenye taya, bega au mkono, jasho la baridi, pumzi inakata, unataka kutapika: nenda hospitali yenye emajensi. Sasa hivi. Usipite popote.

Sababu ziko wazi. Kwanza kipimo cha mwanzo kabisa siyo cha kwangu, ni ECG, zile waya wanazokubandika kifuani, inatakiwa ifanyike ndani ya dakika 10 toka ufike. ECG ikionyesha mshipa umeziba kabisa wanaanza matibabu bila kusubiri majibu ya maabara, na mimi sinuni. Pili, moyo unaokosa damu unaweza kuvuruga mapigo ukaanguka muda wowote, na pale maabara ya mtaani kuna kiti cha plastiki, feni na kijana mmoja, hakuna mashine ya kuushtua moyo. Tatu, na hii ndo inaniuma zaidi, troponini inachelewa kupanda. Ukienda mapema inasoma kawaida, unarudi nyumbani na karatasi mkononi unalala ukijua umepona.

Swali: Inachelewa kwa muda gani?

Kwa vipimo vya kawaida masaa 3 mpaka 6 toka maumivu yaanze. Mashine za kizazi kipya zinaweza kuiona mapema zaidi, ndani ya saa 1 mpaka 3. Inafika kileleni kama masaa 12 mpaka 24, halafu inashuka taratibu, inaweza kuonekana kwa wiki nzima na zaidi, T hata wiki mbili. Vile vibao vya haraka vinavyofanana na kipimo cha mimba, vya mstari mmoja na mistari miwili, vipo na vinasaidia pale pasipo na mashine, lakini vinahitaji troponini iwe imepanda vya kutosha. Mstari mmoja saa moja baada ya maumivu haujakwambia chochote.

Swali: Majibu ya kwanza yametoka kawaida lakini dokta anang'ang'ania nibaki nipimwe tena. Hii si hela tu?

Naelewa hela inauma. Lakini sikiliza. Kuna kaka mmoja, miaka arobaini na kitu, aliletwa saa tano usiku, maumivu yalianza kama saa nne. Akafanya jambo la maana sana, akawahi. Sampuli ya kwanza nikaipima ikasoma kawaida. ECG haikuwa na kitu cha kueleweka. Shemeji yake akaja dirishani kwangu kupiga picha majibu, funguo za gari ziko kidoleni anazizungusha, ananiambia "si umeona mwenyewe mtaalamu, mzima huyu, kesho ana kazi". Nikamwambia rudi ukakae. Sampuli ya pili ilikuja baada ya masaa matatu, namba ilikuwa imeruka mara nyingi kuliko ya kwanza. Shemeji aliporudi dirishani zile funguo alikuwa amezishika tu.

Ndo maana tunapima mara mbili. Tunachotafuta ni namba inayotembea, iwe inapanda au inashuka, namba moja peke yake ni picha ya mnato. Sampuli ya pili inachukuliwa baada ya saa 1, 2 au 3 kutegemea mashine, na kwa vipimo vya zamani mpaka masaa 6. Kuna hali dokta anaridhika na moja, mfano maumivu yalianza zaidi ya masaa matatu nyuma, mashine ni ya kizazi kipya, namba iko chini kabisa na ECG ni safi, ila hiyo hesabu ni yake, siyo yako wala ya shemeji. Usisaini kuondoka. Kama umewahi kufika ndo kabisa usisaini kuondoka, maana kuwahi kwako ndo kunafanya kipimo cha kwanza kidanganye.

Swali: Mimi huwa ni gesi tu, na nina vidonda vya tumbo vinavyojulikana. Nitajuaje?

Hutajua. Ndo jibu. Sehemu tunayoiita chembe ya moyo, pale juu ya tumbo katikati, inauma kwa vidonda na inauma kwa shambulio la moyo, na mgonjwa hana namna ya kutofautisha akiwa kitandani kwake saa nane usiku. Watu wenye sukari, wazee na akina mama wengi hawapati hata yale maumivu ya kushika kifua kama kwenye tamthilia, wanapata uchovu wa ajabu, pumzi fupi, kichefuchefu, jasho. Halafu anapimwa H. pylori, yule bakteria wa vidonda vya tumbo, inatoka positivu (nayo jamani wanayo watu wengi sana mtaani wasioumwa chochote), anapewa dozi, anaambiwa apunguze maharage na pilipili, mshipa unaendelea kuziba.

Mama mmoja ni mama lishe, alianza kuumwa chembe Jumapili usiku baada ya pilau la harusi. Akapewa Eno. Haikupoa, akapewa maji ya moto ya tangawizi na ndimu, Jumatatu omeprazo ya duka la dawa, jioni mchungaji akaja. Aliletwa Jumanne asubuhi wamemshika huku na huku, anahema, miguu inaburuta. Sampuli yake niliipokea mimi. Namba ilikuwa juu mpaka mashine ikatoa alama ya "kubwa kuliko", ikabidi niipunguze makali na kuirudia. Hapo kipimo kilikuwa kizuri kabisa, hakina utata, kila mtu alikubali ni moyo. Lakini troponini kubwa hivyo maana yake msuli umeshakufa, na msuli wa moyo ukifa haurudi, linabaki kovu. Dawa ya kuyeyusha bonge la damu inatolewa ndani ya masaa 12 ya maumivu, na faida yake kubwa iko kwenye masaa mawili matatu ya mwanzo. Yeye alikuwa na siku moja na nusu. Alitoka hospitali hai, ila sasa hivi hawezi kupanda ngazi tatu bila kupumzika, na genge amemwachia binti.

Msione ni kisa kimoja. Hospitali ya KCMC, Moshi, watafiti waliwapima watu wazima waliokuja emajensi na maumivu ya kifua au kubanwa pumzi, wakakuta zaidi ya mmoja kati ya watano ana shambulio la moyo, na wengi wao walikuwa wanatibiwa kitu kingine. Kwahiyo narudia: kifua au chembe inabana na jasho linatoka, nenda hospitali. Gesi ikigundulika ni gesi utacheka ukirudi.

Swali: Nimetumiwa majibu, troponini 30. Ndo nakufa?

30 ya nini? Kuna mashine zinasoma nanogramu kwa lita na nyingine nanogramu kwa mililita, tofauti ni mara elfu, yaani 0.014 ya huku ni 14 ya kule. Kila kipimo kina mpaka wake umeandikwa pembeni ya karatasi, usichukue majibu ya hospitali A ukalinganisha na ya hospitali B, na usiyarushe kwenye grupu la familia wajumbe wajadili. Halafu figo zilizochoka, moyo uliofeli, damu iliyoganda kwenye mapafu na maambukizi makali ya damu navyo vinapandisha troponini, ndo maana dokta anaangalia mwendo wa namba, ECG na wewe mwenyewe. Na mnaomeza vidonge vya biotini vya nywele na kucha semeni mapema, dozi kubwa inaweza kufanya baadhi ya mashine zisome chini kuliko ukweli.

Swali: Huku kwetu ni zahanati tu, hakuna troponini wala ECG. Nifanyeje?

Usisubiri asubuhi. Mgonjwa akae, asitembee, asiendeshe mwenyewe. Atafune aspirini miligramu 300, yaani vile vidogo vya 75 vinne, atafune asimeze vizima, isipokuwa kama ana mzio nayo, anatapika damu au anapata choo cheusi, au mdomo umepinda na upande mmoja umelegea maana hiyo ni kiharusi na aspirini inaweza kumuumiza. Diklofenaki, ile dawa ya maumivu, usimpe. Mkiwa njiani pigeni simu kule mnakokwenda, na kama mko Dar muulizieni mapema uwezekano wa kupelekwa Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Muhimbili, wanazibua mishipa kwa waya bila kupasua kifua.

Na kitu kimoja cha bure kabisa: andikeni saa maumivu yalipoanza. Kwenye kikaratasi, kwenye simu, hata kiganjani kwa peni. Kila mgonjwa anapofika namuuliza nesi "yalianza saa ngapi", nesi anamuuliza ndugu, ndugu anasema "toka juzi juzi hivi". Sasa mimi juzi juzi hivi naisoma vipi kwenye mashine?