Pat Smear, mtu wa gitaa la pili

Nafundisha gitaa, na kila anayekuja anataka solo, ile melodi ya mbele, rithim ya kusindikiza nyuma haitaki mtu. Ndo maana huwa nawawekea Pat Smear, jamaa wa Los Angeles aliyepitia bendi kibao na zile kubwa zote kaziingia kama gitaa la pili.

Kaanza na Germs, 1977 ndo wanapanda jukwaani, panki ya vurugu hasa, wenzake ala walikuwa wanajifunzia mbele ya watu. Albamu yao ni moja tu, (GI) ya 1979, prodyuza mwanamuziki wa rock Joan Jett. Desemba 1980 mwimbaji wao Darby Crash akafariki.

Sasa twende 1993, bendi ya rock ya Nirvana wanamchukua, na hapa ndo penyewe. Nirvana walikuwa watatu, gitaa moja, besi na dramu, kwahiyo Kurt Cobain, mwimbaji na mpiga gitaa wao, akiingia solo rithim inakatika, inabaki besi peke yake, studio pengo hilo unaliziba kwa kurekodi gitaa mara mbili ila jukwaani mikono ni miwili tu. Pat akaja akakaa palepale kwenye pengo. Kodi ni noti kadhaa zinazopigwa pamoja, na silaha ya panki ni pawakodi, noti ya msingi na ya tano yake basi, ile ya tatu unaiacha, maana ukishaweka distoshen, ile sauti ya kukwaruza, kodi nzima noti zinagombana, sauti inakuwa uji. Mtazame kwenye Unplugged, shoo ya MTV ya magitaa makavu, New York, Novemba 18, 1993, kashika gitaa kavu lenye rangi za bendera ya Marekani, katulia, hagombanii nafasi na mtu.

Aprili 1994 Kurt naye akafariki. Waimbaji wawili kawapoteza mtu huyu, na bado Dave Grohl, mpiga dramu wa Nirvana, alipounda bendi yake Foo Fighters akamwita na akaenda. 1997 akaaga jukwaani kwenye tuzo za video za MTV, kapiga wimbo, katangaza anatoka, Franz Stahl kachukua nafasi na shoo ikaendelea.

Akarudi kwenye ziara 2006 na kufikia 2010 ni mwanabendi kamili tena, wakati huo mpiga gitaa Chris Shiflett yupo, na Dave mwenyewe anapiga gitaa, ndo maana albamu ya Wasting Light ya 2011 ina magitaa matatu. Matatu yenye distoshen, na sio uji! Wanafunzi wangu nawapa hedifoni nawaambia nitafutieni la tatu liko wapi. Wengine linawachukua wiki nzima.