Uvimbe wa aina mbili ndani ya ovari moja

Madaktari wa upasuaji wakisoma ripoti yenye majina mawili ya uvimbe kwa ovari moja, wengine hunipigia simu wakidhani maabara tumechanganya slaidi. Hatujachanganya. Ni nadra, lakini hutokea, na jozi tunayoikuta zaidi ni teratoma iliyokomaa pamoja na uvimbe wa ute.

Teratoma huanzia kwenye seli inayozaa mayai. Seli hiyo ina uwezo wa kutengeneza tishu za kila namna, ndiyo maana ukiupasua uvimbe unakuta nywele, mafuta mazito ya manjano, pengine hata jino. Uvimbe wa ute una sura nyingine kabisa: vifuko vingi vya majimaji yanayonata, kuta zake zikiwa na seli ambazo mara nyingi hufanana na za utumbo. Vitabu huuweka katika kundi la uvimbe wa seli za utando, yaani zile zinazofunika uso wa viungo; teratoma iko katika kundi la seli za mayai. Makundi mawili tofauti, basi ikaonekana vimekutana kwa bahati tu.

Nadhani bahati tunaitaja kupita kiasi. Mwaka 1975 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba teratoma hutokana na seli moja ya yai iliyoanza kukua bila mbegu ya mwanamume, baada ya kupita mgawanyo wa kwanza wa meiosisi, yaani mgawanyiko wa seli unaopunguza jeni kwa nusu ili kutengeneza yai. Kwa hiyo, pale ambapo mgonjwa mwenyewe ana nakala mbili tofauti za jeni, ya baba na ya mama, teratoma yake mara nyingi ina nakala mbili zinazofanana. Alama hiyo hiyo imekutwa pia kwenye uvimbe wa ute ulioota ubavuni mwa teratoma. Maana yake, ute ulianzia ndani ya teratoma yenyewe. Uvimbe wa Brenner, aina nyingine ya uvimbe wa ovari wenye seli zinazofanana na za kibofu cha mkojo, nao huandamana na uvimbe wa ute, na uchunguzi wa jeni umeonyesha kuwa baadhi ya jozi hizo zina chimbuko moja.

Kwa mgonjwa hili ni jambo zito. Ute uliotokana na teratoma mara nyingi hupokea rangi ya CK20 na kukosa ya CK7 (rangi za maabara zinazoonyesha protini za seli ili kutambua zimetoka wapi), sawasawa na saratani iliyosambaa kutoka utumbo mpana au kidole tumbo. Ukitegemea rangi peke yake, unaweza kumwambia mama wa watu kwamba ana saratani ya utumbo iliyoenea, kumbe ugonjwa ulianzia kwenye ovari. Kipande kidogo cha ngozi chenye vinyweleo, kikionekana kando ya ute, hubadilisha mwelekeo wa uchunguzi wote, ingawa kidole tumbo bado lazima kikaguliwe.

Kukutana kwa bahati nako kupo. Teratoma ni ya kawaida kwa wanawake wa umri wa kuzaa, kwa hiyo haishangazi ikajikuta jirani na uvimbe mwingine, kila mmoja na mpaka wake. Na humo lila na fila hutangamana: upande mmoja salama, upande wa pili saratani.

Ndiyo sababu nawasihi wenzangu wa upasuaji walete ovari nzima, kwenye chombo kikubwa chenye formalini (dawa ya kuhifadhi tishu) ya kutosha, si kipande kilichochaguliwa kwa macho. Nasi maabara, uvimbe wa ute ukizidi sentimita 10, tuchukue vipande viwili kwa kila sentimita, hasa penye ugumu, nywele au rangi iliyobadilika.