Lenzi ya kwanza kuongeza: tunayoambiana na ukweli wenyewe

Vijana wengi huku Mbeya na Iringa saivi wameshika kamera, mwingine kajichanga mwaka mzima kapata ya mtumba yenye ile lenzi yake ya 18-55 (ni milimita, namba ikikua ndo lenzi inavuta zaidi), na akianza kupata kazi swali la kwanza ni niongeze lenzi gani. Majibu anayopewa yananiuma kwa kweli, maana hela yenyewe ni ya kudunduliza.

"Lenzi inayovuta sana ndo kali." Hii ndo kubwa kuliko zote, na mi ilinipata. Lenzi yangu ya kwanza kuongeza ilikuwa 75-300, nikaenda nayo kwenye sendofu Mafinga, ukumbi mkubwa taa zenyewe za njano hafifu, nikakaa nyuma kabisa nikawa navuta tu. Nimerudi nyumbani nafungua kwenye laptopu, bibi harusi anamlisha mama yake keki, mkono wote umekuwa kama moshi, na nyingine nyingi hivyo hivyo, ile keki hailishwi mara ya pili. Sababu ni kwamba ukivuta mpaka 300 lenzi ile mwisho wake ni f/5.6 (namba ya f ikikua, tundu la mwanga ndani ya lenzi linakuwa dogo), mwanga unaoingia ni kidogo, shata, yani kasi ya kupiga, inashuka kwenye 1/30 ya sekunde huko wakati kwa 300 ulitakiwa uwe walau 1/300 na zaidi. Sasa f/1.8 inaingiza mwanga karibu mara kumi ya f/5.6, chukua 5.6 gawa kwa 1.8 afu jibu lizidishe lenyewe kwa lenyewe utaona, yani ukumbi ule ule, ISO (unyeti wa kamera kwa mwanga) ile ile, shata ingepanda mpaka karibu 1/300. Na usidanganywe kwamba ina kitulizo cha mtikisiko, kile kinatuliza mkono wako we mpigaji, anayecheza mbele yako hakimtulizi.

Siyo kwamba hizo lenzi ni mbaya. Ukienda Ruaha jua linawaka, tembo wako ng'ambo ya mto, 55-250 au 70-300 ndo yenyewe, hapo 50 itakupa tembo kama kokoto. Shida ni kuibeba ya mbugani kuipeleka ukumbini.

"Basi chukua 50 ya f/1.8, inafanya kila kitu." Naipenda hii lenzi na bei yake ni rafiki, ila kila kitu hapana. Kamera nyingi tulizonazo ni za sensa ndogo (sensa ndo inayonasa picha), siyo fulfremu zenye sensa kubwa, kwaiyo 50 kwenye Nikon au Sony unazidisha mara 1.5 inaona kama 75, Canon mara 1.6 inaona kama 80. Ingia sebuleni siku ya kipaimara, familia watu nane wamebanana kwenye makochi, mgongo wako ushagusa kabati la vyombo na bado mjomba wa pembeni bega limekatwa. Pale rudi kwenye 18-55 yako uiweke 18, flashi ielekeze juu darini. Mtu mmoja mmoja nje, hapo 50 inang'aa. Na kama kazi zako ni za ndani ndani, 35 ya f/1.8 itakufaa zaidi. Kabla hujatoa hela bandika selotepu kwenye 18-55 isizunguke, wiki moja iwe 35, wiki nyingine 50, utajua mwenyewe wapi unabanwa.

"Maua ya Kitulo mpaka makro." Makro, lenzi ya kupiga vitu vidogo kwa karibu, ni nzuri ila bei imesimama. Kuna viringi vya kuweka katikati ya bodi na lenzi, ndani havina kioo, vinaisogeza lenzi mbele kidogo tu na hapo inafokasi karibu zaidi. Mwanga unapungua kiasi, lakini okidi utaijaza kwenye fremu.

"Kupiga Ziwa Ngozi lazima lenzi pana." Hamna. Piga picha tatu nne zinazopandana uziunge kwenye programu.

"Lenzi ya Nikon inakaa Nikon yoyote." Kukaa inaweza kukaa, ila bodi kama D3500 au D5600 hazina mota ya kufokasi ndani, ukiweka 50 ya AF-D, isiyo na mota yake, utafokasi kwa mkono sherehe nzima, we tafuta iliyoandikwa AF-S, yenye mota yake. Canon nako lenzi za EF-S, zile za sensa ndogo, haziingii fulfremu moja kwa moja.

Na hii ya mwisho, "ya mtumba ikiwa haina mikwaruzo ni safi". Jamani, mvua za Tukuyu na ukungu wa Rungwe mnazijua, lenzi iliyolala kabatini kwenye unyevu inaota fangasi kwa ndani na nje inang'aa kabisa. Ondoa mifuniko yote miwili, apecha (lile tundu la mwanga) iwe wazi, mulika tochi ya simu upande mmoja uchungulie kwa upande wa pili, ukiona vinyuzi kama vya buibui mrudishie mwenyewe hata kama kashusha bei nusu.