Kodi ya Benki Ulaya: Kasoro Inaanzia kwenye Msamaha wa 1977

Usiku wa tarehe 7 Agosti 2023 serikali ya Italia ilitangaza kodi ya asilimia 40 kwenye mapato ya ziada ambayo benki zilikuwa zikivuna kutokana na kupanda kwa riba. Kulipokucha, hisa za benki kubwa za Intesa Sanpaolo na UniCredit ziliporomoka, na kabla siku haijaisha Wizara ya Fedha ikatoa ufafanuzi kwamba kodi hiyo itakuwa na kikomo cha asilimia 0.1 ya mali yote ya benki. Sheria ilipopita bungeni ilikuwa imelegezwa zaidi: benki isingelipa kitu iwapo ingetenga kwenye akiba yake ya mtaji kiasi kinachofikia mara mbili na nusu ya kodi yenyewe. Benki kubwa zikachagua akiba, na hazina ya Italia ikatoka karibu mikono mitupu.

Kazi yangu ni kodi za taasisi za fedha, na kisa hicho ndicho ninachokitaja kila ninapoulizwa Ulaya inazitoza vipi benki zake. Inazitoza kwa viraka. Hispania ilikuja na tozo ya asilimia 4.8 kwenye mapato ya riba na ada za benki kubwa kwa miaka ya 2023 na 2024, kisha ikaibadilisha kuwa kodi ya ngazi kutoka asilimia 1 hadi 7. Lithuania ilichukua asilimia 60 ya sehemu ya mapato ya riba iliyovuka wastani wa miaka ya nyuma kwa zaidi ya nusu. Sweden inatoza madeni ya benki kubwa kwa asilimia 0.06. Poland tangu 2016 inatoza mali za benki kwa takriban asilimia 0.44 kwa mwaka, lakini ikaziacha hatifungani za serikali. Matokeo yake benki zikapata sababu nzuri ya kuikopesha serikali badala ya wafanyabiashara.

Hasira iliyozaa viraka hivi naielewa. Hadi Julai 2022 benki iliyoweka fedha zake Benki Kuu ya Ulaya ilikatwa asilimia 0.5, ilipofika Septemba 2023 ilikuwa inalipwa asilimia 4, huku wenye amana wengi wakiendelea kupata riba ndogo sana. Mtu anayelipa mkopo wa nyumba akiona hivyo ana haki ya kuuliza. Lakini faida ya msimu hupita, na pengo ambalo wanasiasa wanajaribu kuliziba lina umri wa karibu nusu karne.

Mwaka 1977 nchi za Jumuiya ya Ulaya ya wakati huo zilikubaliana juu ya Agizo la Sita la VAT, lililosawazisha kodi ya ongezeko la thamani kati yao. Huduma za fedha na bima zilisamehewa. Leo msamaha huo umo kwenye Kifungu cha 135 cha agizo la 2006, na maneno yake hayajabadilika sana: mikopo, amana, malipo, biashara ya hisa, bima, usimamizi wa mifuko ya uwekezaji, vyote havitozwi VAT.

Wengi wakisikia msamaha wanadhani benki zilipewa zawadi, kumbe nusu ya habari iko upande mwingine. Mfanyabiashara wa kawaida hutoza kodi ya mauzo kwa mteja, akaondoa kodi ya manunuzi aliyowalipa wasambazaji wake, akapeleka serikalini tofauti. Aliyesamehewa hatozi kodi ya mauzo, lakini pia hawezi kudai kodi ya manunuzi. Benki ya Ujerumani ikinunua mfumo wa kompyuta wa euro 100,000 inalipa VAT ya asilimia 19, yaani euro 19,000, na fedha hizo hazirudi. Kiwanda cha samani kikinunua mfumo huo huo kinazirudisha zote. Benki inaziingiza euro 19,000 hizo kwenye riba na ada zake, bila kuonekana kwenye risiti yoyote.

Sasa ifuate kodi hiyo inakokwenda. Kiwanda kinakopa benki, kinalipa riba ambayo ndani yake kuna VAT iliyofichika, kinapanga bei ya meza kwa kuhesabu gharama hiyo, halafu kinatoza VAT juu ya bei nzima. Kodi imetozwa juu ya kodi, jambo ambalo VAT ilibuniwa kulizuia. Upande wa pili yuko mtu wa kawaida anayekopa kununua gari: kazi ambayo benki imemfanyia haikutozwa VAT hata senti, mbali na ile iliyofichika kwenye gharama. Kwa hiyo biashara zinatozwa kupita kiasi na walaji wanatozwa pungufu, kwa mkopo wa benki ile ile. Ningeulizwa kasoro moja ya kurekebisha kwanza, ningetaja hii.

Kuna madhara mengine ambayo hayasemwi sana. Benki ikiajiri waandishi wake wa programu, mishahara haina VAT. Ikiipa kazi hiyo kampuni ya nje, VAT ipo na hairudi. Benki kubwa inaweza kubeba kila kitu ndani ya nyumba yake, benki ndogo ya akiba haiwezi. Zamani benki ndogo kadhaa ziliweza kuungana, zikaanzisha kituo kimoja cha huduma na kutumia kifungu cha kugawana gharama bila VAT. Septemba 2017 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, katika kesi za kampuni ya bima Aviva na benki ya DNB Banka, iliamua kwamba kifungu hicho ni cha shughuli za manufaa ya umma kama hospitali na shule, si benki wala bima. Mlango ukafungwa, na walioumia zaidi ni wale wadogo.

Kwa nini basi walisamehe? Kwa sababu ya ugumu wa kweli. Mwenye amana anaweka euro 1,000 kwa riba ya asilimia 2. Mkopaji anazichukua kwa asilimia 6. Benki inabaki na euro 40, na hiyo ndiyo bei ya kazi yake ya kuwaunganisha hao wawili. Ni nani kainunua kazi hiyo, na kila mmoja kalipa kiasi gani? VAT inahitaji ankara, na hapa hakuna ankara.

Ugumu huo unatatulika. Chukua riba ya soko kama kipimo, tuseme asilimia 4. Mwenye amana kakosa euro 20 ambazo sokoni angezipata, mkopaji kalipa euro 20 zaidi ya bei ya soko. Kila mmoja kanunua huduma ya euro 20, na ankara inaweza kuandikwa. Kweli, sehemu ya zile 20 za mkopaji ni fidia ya hatari ya mkopo kutolipwa, na riba ya soko haitulii. Hayo yanahitaji kanuni makini. Lakini 1977 kufanya hesabu hiyo kwa kila akaunti ilikuwa kazi kubwa, na leo benki inajua kwa kila akaunti imepata nini saa hii.

Shirika la Fedha la Kimataifa lilipendekeza njia rahisi zaidi katika ripoti yake kwa kundi la G20 mwaka 2010: jumlisha mishahara na faida za benki, kwa kuwa hizo mbili ndizo ongezeko lake la thamani, utoze jumla hiyo moja kwa moja. Norway, ambayo haimo katika Umoja wa Ulaya, ilianza jambo linalofanana na hilo mwaka 2017: asilimia 5 kwenye mishahara ya sekta ya fedha, na kodi ya faida ya asilimia 25 mahali ambapo kampuni nyingine siku hizi hulipa 22. Denmark nayo kwa muda mrefu imetoza mishahara ya sekta zilizosamehewa VAT. Naona njia hii inafaa kwa huduma za walaji, ila iende pamoja na kuziruhusu benki zidai kodi ya manunuzi kwa huduma zinazouziwa biashara. New Zealand inafanya hivyo tangu 2005 kwa kuweka huduma hizo kwenye kiwango cha sifuri, yaani mteja halipi VAT lakini benki inadai kodi yake ya manunuzi.

Ada zinazoonekana hazina hata fumbo lile la kukosa ankara. Afrika Kusini inazitoza VAT tangu 1996, na Tanzania tangu Julai 2016 kwa asilimia 18. Wasomaji wa Dar es Salaam watakumbuka ubishi uliozuka juu ya nani abebe mzigo, benki au mteja. Ubishi ulikuwa wa haki, lakini mashine za kodi zilifanya kazi.

Najua wengi wangependa nizungumzie zaidi kodi ya miamala. Septemba 2011 Kamisheni ya Ulaya ilipendekeza asilimia 0.1 kwa hisa na hatifungani na 0.01 kwa derivativi, yaani mikataba ambayo thamani yake inafuata bei ya kitu kingine. Nchi zote hazikukubaliana, zikabaki 11, Estonia ikajitoa, na makubaliano hayakupatikana. Funzo lake lilikuwepo tayari. Sweden ilitoza miamala iliyopitia mawakala wake kuanzia 1984, biashara ikahamia London, na kodi ikafutwa 1991. Uingereza hutoza asilimia 0.5 kwenye hisa za kampuni zake popote zinaponunuliwa, na fedha zinaingia kila mwaka. Ufaransa ilifuata mfano huo wa pili mwaka 2012. Kodi hii inaweza kuingiza mapato, lakini haigusi mkopo wa gari wala ule wa kiwanda.

Kuhusu VAT yenyewe, Kamisheni ilileta pendekezo la mageuzi mwaka 2007. Mawaziri walijadiliana miaka kwa miaka bila kuafikiana, likaondolewa 2016. Mwaka 2020 iliahidi kulipitia upya suala hilo, mwaka uliofuata ikakusanya maoni, kisha kimya. Mambo ya kodi katika Umoja wa Ulaya huamuliwa kwa kauli moja ya nchi zote 27, na nchi moja ikikataa inatosha.

Ila ipo hatua isiyosubiri kauli moja. Kifungu cha 137 cha agizo lile lile kinaruhusu kila nchi izipe benki hiari ya kutoza VAT kwenye huduma zao. Ujerumani, Ufaransa, Austria na Ubelgiji ni kati ya zilizoitumia, kila moja kwa upana wake, na benki za huko zinazowahudumia wafanyabiashara hupata sehemu ya kodi yao ya manunuzi. Nchi nyingi zilizobaki hazijaigusa. Waziri wa fedha wa mojawapo anaweza kupeleka muswada bungeni mwaka huu huu, aanze na mikopo ya biashara, bila kuomba ruhusa ya mtu yeyote Brussels.