Tiba kwa vitendo kwa mtoto: yanayosemwa mitaani Mwanza na ukweli wake

Mzazi akitoka kwa daktari na karatasi ya rufaa inayosema kwamba mtoto wake aonane na mtoa tiba kwa vitendo, jambo la kwanza analokutana nalo ni ushauri wa majirani, ndugu na wakati mwingine wa wahudumu wa afya wenyewe. Sehemu ya ushauri huo ni ya busara. Sehemu nyingine humpeleka mtoto kwa mtu asiyefaa, au humchelewesha hadi umri ambao mambo yaliyokuwa mepesi yamekuwa magumu. Yafuatayo ndiyo yanayosikika zaidi, kuanzia Igoma na Buhongwa hadi visiwani.

“Ni mazoezi ya viungo tu, hata bibi anaweza kumchua.”

Fiziotherapia na tiba kwa vitendo hukaa mara nyingi katika kitengo kimoja cha utengamao, yaani cha kumrejeshea au kumjengea mtu uwezo wa kufanya mambo yake, na wataalamu wake husaidiana, lakini hawaangalii jambo lile lile. Mtaalamu wa fiziotherapia hushughulika zaidi na nguvu ya misuli, mkao na mwendo. Mtoa tiba kwa vitendo huanza na shughuli yenyewe ambayo mtoto anashindwa kuifanya, iwe kula, kuvaa, kuoga, kwenda chooni, kucheza au kuandika, kisha hurudi nyuma kutafuta kinachomkwamisha: mkono, macho, umakini, woga wa kuguswa, au kiti kilichomzidi kimo. Mtoto wa miaka minne ambaye mkono wake wa kulia umekakamaa kwa sababu ya mtindio wa ubongo, yaani ulemavu wa mwendo na mkao unaotokana na ubongo kuumia mapema, anaweza kufanyiwa mazoezi ya kuunyoosha mkono huo kwa mwaka mzima na bado akashindwa kuvaa shati la shule. Mtoa tiba kwa vitendo atamwonyesha mama kwamba shati huvalishwa kuanzia mkono ulio dhaifu na huvuliwa kuanzia mkono wenye nguvu, atapendekeza vifungo vikubwa zaidi, na atamwachia mtoto afunge kimoja cha mwisho mwenyewe kabla ya kumwongezea cha pili.

Kumchua mtoto si kosa; kunamtuliza na kunamzoeza kuguswa na watu wake. Ila kuchua hakumfundishi mtu kushika kijiko. Bibi ana haki yake mahali pengine: kumbeba mtoto mgongoni kwa mbeleko, miguu ikiwa imepanuliwa kiunoni mwa mbebaji, ni mkao mzuri kwa mtoto ambaye miguu yake hukazana na kupishana kama mkasi.

“Subiri, atakua. Wa kiume huchelewa.”

Watoto hutofautiana kweli, na Shirika la Afya Duniani limeonyesha kiasi cha tofauti hiyo: mtoto mwenye afya huweza kukaa bila kuegemezwa wakati wowote kati ya takriban miezi minne na miezi tisa, na kutembea mwenyewe kati ya miezi minane na miezi kumi na saba na ushei. Aliyevuka mwisho wa vipindi hivyo anahitaji kuchunguzwa, awe wa kiume au wa kike. Zipo pia dalili ambazo hazingoji umri huo. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja na tayari ana mkono mmoja anaoutumia kwa kila kitu, huku mwingine umefumbwa ngumi, watu humsifu kwamba amejua mkono wake mapema. Kwa kawaida watoto wa umri huo hutumia mikono yote miwili bila kuchagua, na anayechagua mapema namna hiyo huenda ana udhaifu upande wa pili.

Mzazi ambaye mtoto wake alichelewa kulia alipozaliwa, alipata manjano makali katika siku za mwanzo, au aliugua malaria kali iliyofika kwenye ubongo au homa ya uti wa mgongo, aitaje historia hiyo mwenyewe kliniki bila kusubiri kuulizwa. Huku Kanda ya Ziwa inabidi kuongeza selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi ambao huweza kumletea mtoto mdogo kiharusi. Mtoto aliyekuwa akila vizuri jana na leo kijiko kinamdondoka, au mdomo umepinda, ni wa kukimbizwa hospitali siku hiyo hiyo. Tiba kwa vitendo itafuata baada ya dharura kudhibitiwa.

“Mambo haya mapya ni ya majaribio.”

Chama cha kwanza cha wataalamu wa fani hii kiliundwa Marekani mwaka 1917, na shirikisho lao la dunia mwaka 1952. Hapa nchini wamekuwa wakifundishwa KCMC, Moshi, kwa miaka mingi. Kinachokosekana si ukongwe wa fani, ni idadi ya wataalamu.

“Bila Dar es Salaam au India hutapata mtu.”

Pa kuanzia ni hapa hapa. Mwanza ina hospitali ya rufaa ya kanda, Bugando, iliyofunguliwa mwaka 1971, na hospitali ya rufaa ya mkoa, Sekou Toure. Mzazi aulize kitengo cha utengamao na ataje kada anayoitafuta kwa jina lake, kwa sababu ukisema “mazoezi” utaelekezwa kwenye fiziotherapia na huenda usimwone mtu mwingine. Aulize pia siku ambazo mtaalamu huyo anaona watoto, kwani kupanda kilima cha Bugando na mtoto begani siku isiyo ya kliniki ni adhabu isiyo na sababu.

Umbali ni jambo la kitabibu pia, si la nauli peke yake. Kwa mtoto mwenye mtindio wa ubongo au usonji, mtaalamu wa kawaida unayeweza kumfikia mara kwa mara hufaa kuliko bingwa unayemwona mara moja kwa mwaka, kwa kuwa mpango wa tiba hubadilishwa kadiri mtoto anavyobadilika. Familia za Sengerema na Geita zimepata nafuu tangu daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa Juni 2025 na kuondoa foleni ya kivuko. Wa Ukerewe bado wanategemea maji, na ndiyo maana mzazi wa Nansio ana haki ya kumwambia mtaalamu waziwazi kwamba atarudi baada ya wiki sita, ili apewe mpango wa nyumbani wa wiki sita badala ya kupangiwa ratiba ya kila Jumanne ambayo haitatekelezeka.

“Mwenye chumba kizuri na vifaa vingi ndiye bora.”

Hii ndiyo dhana inayowagharimu wazazi fedha nyingi kuliko nyingine zote, na ndiyo ninayoiona ngumu kuing’oa, maana mipira mikubwa ya rangi, bembea na mikeka ya sponji huonekana kwa macho, ilhali uwezo wa mtaalamu hauonekani hadi aanze kuuliza maswali.

Sikiliza maswali hayo siku ya kwanza. Mtaalamu anayefaa atataka kujua mtoto hulala na nani, hula nini na kwa muda gani, nani anabaki naye mama akienda sokoni, choo cha nyumbani ni cha kuchuchumaa au cha kukaa, na ni jambo gani moja ambalo familia ingetaka libadilike kwanza. Baada ya hapo atamwangalia mtoto akicheza, mara nyingi akiwa ameketi naye chini. Anaweza kumwambia mama amlishe uji pale pale. Akiona mtoto amelazwa chali mapajani, kichwa kimeangukia nyuma na uji unamiminwa, atasimamisha kwanza zoezi hilo, kwa sababu mkao huo humpalia mtoto na chakula huweza kuingia kwenye mapafu. Atamkalisha wima, kidevu kikiwa kimeinama kidogo, uji umefanywa mzito kiasi cha kutotiririka, kijiko kikija kutoka mbele kwa usawa wa mdomo, halafu atampa mama kijiko afanye yeye huku akitazamwa. Dakika kumi za namna hiyo zina thamani kuliko saa nzima ya mtoto kubebwa ndani peke yake na kurudishwa mlangoni na neno “anaendelea vizuri”.

Lengo nalo liwe la kuonekana. “Kuboresha uwezo wa mikono” si lengo ambalo mzazi anaweza kulipima; “kunywa maji kwa kikombe chenye mishikio miwili bila kumwaga” anaweza. Tafiti kuhusu watoto wenye mtindio wa ubongo zinaelekea upande huo huo: mazoezi ya shughuli halisi yenye lengo lililochaguliwa na familia, yakirudiwa nyumbani wakati wa kula, kuoga na kuvaa, huleta matokeo kuliko kunyooshwa viungo mtoto akiwa amelala tu.

Kuhusu vifaa, kiti maalumu cha kona, ambacho mgongo wake wenye pembe humshikilia mtoto pande zote mbili, anaweza kukitengeneza fundi seremala akipewa vipimo, na ipo njia iliyoenea kutoka Zimbabwe ya kutengeneza viti na meza za watoto kwa maboksi na karatasi zilizogandishwa kwa gundi ya unga, vikikauka vinabeba uzito wa mtoto bila shida. Mtaalamu anayeweza kumpimia mtoto nyonga, mapaja na miguu kwa ajili ya kiti kama hicho amekusaidia zaidi ya yule anayekutajia kifaa cha kuagiza nje.

“Akilia sana ndiyo tiba inafanya kazi.”

Mtoto mgeni hulia, na wengine hulia wiki kadhaa kabla ya kuzoea. Kilio cha maumivu ni kitu kingine. Mtaalamu anayevuta kiungo kwa nguvu huku mtoto akipiga mayowe anaweza kumuumiza, na hakika anamfundisha kuogopa chumba kile. Vivyo hivyo, kumfukia mtoto mchangani hadi kiunoni ili ajifunze kusimama, desturi inayojulikana maeneo mengi ya Afrika Mashariki, hakujengi misuli inayohitajika, na mtoto asiyehisi vizuri miguuni anaweza kuungua au kuchubuka bila kusema. Anayeahidi kuponya mtindio wa ubongo au usonji kwa idadi fulani ya vipindi anauza asichokuwa nacho, awe amevaa koti jeupe au la. Hali hizo haziondolewi. Kinachoongezeka ni yale ambayo mtoto anaweza kuyafanya.

Kwa hiyo si utovu wa adabu kuuliza usajili. Sheria ya mwaka 2017 inawaweka wataalamu wa afya shirikishi, yaani wale wa fani zinazofanya kazi bega kwa bega na udaktari, pamoja na madaktari chini ya Baraza la Madaktari Tanganyika, na mwenye leseni hai haoni taabu kuionyesha. Katika kituo binafsi uliza siku hiyo hiyo gharama ya kila kipindi, na kama bima yako inailipia.

“Atambadilisha mkono wa kushoto.”

Ombi hili huletwa sana na wazazi wa watoto wa darasa la kwanza, hasa pale mwalimu anapolalamikia mwandiko. Kutumia mkono wa kushoto, kwa mtoto ambaye mikono yote ni mizima, si ugonjwa, na kumlazimisha kuhama humwongezea kazi bila faida. Mtaalamu atatazama mambo mengine: kama miguu inafika sakafuni anapokaa, kama meza iko usawa wa viwiko, kama daftari limelazwa kwa mteremko unaofaa mkono wake ili asifute alichoandika, kama penseli fupi itamsaidia kuishika kwa ncha za vidole, na kama macho yamepimwa. Hilo la macho lisiachwe kamwe kwa mtoto mwenye ualbino, ambaye mara nyingi huitwa mzito wa kuandika kumbe haoni ubaoni.