Ukigusa kinda mama yake hamkimbii, na mengine tunayodanganyana kuhusu ndege wa bustani

Naanza na hii ya kinda maana naisikia sana, eti ukimgusa, mama yake atasikia harufu ya mtu amtelekeze. Si kweli jamani. Ndege wengi hawategemei pua kumjua mtoto wao, na mzazi aliyetaga akaatamia akahangaika kulisha haachi kirahisi hivyo. Kwanza mwangalie vizuri. Kama yuko uchi au manyoya ndo kwanza yanachipua, huyo kaanguka, mrudishe kiotoni kwa mkono wako huohuo. Kama ana manyoya, kamkia kafupi, anarukaruka chini ya kichaka, mwache, yuko kwenye kujifunza kuruka na wazazi wake mara nyingi wako hapo karibu wanasubiri wewe uondoke ndo wamletee chakula. Paka akiwa anazunguka msogeze tu kwenye matawi ya karibu, usimfungie kwenye boksi ndani.

Ya pili, eti ukiwalisha ndege watakuwa wavivu na ukisafiri watakufa njaa. Kule Wisconsin, Marekani, watafiti walifuatilia vindege wanaoitwa chickadee wakakuta chakula cha kuwekewa kinawapa kama asilimia 21 tu ya nguvu wanayohitaji kwa siku, nyingine wanajitafutia, na vyombo vilipoondolewa hawakufa kuliko wale ambao hawajawahi kulishwa.

Sasa hapa kwenye usafi ndo pananiuma, watu tunadhani chakula kikiwepo basi tumemaliza kazi. Chombo kichafu kinaua. Uingereza mwaka 2005 ulionekana ugonjwa wa trikomonasi kwa ndege jamii ya chiriku, ni kijidudu kinachokaa kooni na kuambukizwa kwa mate kupitia chakula na maji wanayochangia, na wale greenfinch, aina ya chiriku wa kijani, wakapungua kwa zaidi ya nusu miaka iliyofuata. Ndege mwenye huo ugonjwa utamjua, kajikunyata na manyoya yamemvimba, anatafuna punje haimezeki, mabaki yamemgandia mdomoni. Ukimwona ondoa chakula na maji wiki mbili hivi ili watawanyike. Siku za kawaida mwaga punje za zamani, sugua chombo kila wiki au mbili kwa sehemu 1 ya blichi na 9 za maji, suuza, kikauke kabisa ndo ujaze tena. Maji ya kunywa badilisha kila siku.

Mkate unawajaza tumbo tu, lishe hamna, na ukiota ukungu ni sumu kwa mapafu yao, wape mtama au alizeti. Ile ya mchele mkavu kupasua tumbo la ndege ni uongo, mbona wanakula mpunga shambani kila msimu. Maji ya sukari kwa ndege wanyonya nekta, yaani maji matamu ya maua, ni sukari 1 kwa maji 4, bila rangi nyekundu na bila asali, asali inachacha na kuotesha fangasi.

Afu kuna wanaomwaga punje huku wanapiga dawa ya wadudu bustani nzima. Hata shomoro, ambaye akikua anakula punje, makinda wake anawalisha viwavi na wadudu laini, siku za mwanzo hawawezi punje ngumu, kwa hiyo ukiwaua viwavi wote hata ujaze chombo mpaka juu wale watoto kiotoni hawana cha kula.